Je, wajua kwa nini chaneli ya gemu ya G4 ilizimwa mara mbili?

Aprili 24, 2002, Wamarekani waliofungua chaneli mpya ya G4 walikuta vijiti viwili vyeupe vikirushiana kitone. Ilikuwa Pong, gemu ya kampuni ya Atari ya mwaka 1972, na ilionyeshwa wiki nzima. Kwangu mimi, chaneli haijawahi kubisha hodi vizuri kuliko hivyo: kabla ya kusema lolote, iliwaheshimu waliotangulia.

G4 ilikuwa mali ya Comcast, kampuni kubwa ya televisheni ya kebo. Mwaka 2004 iliunganishwa na TechTV, chaneli ya teknolojia, ikapata kipindi cha X-Play, ambamo Adam Sessler na Morgan Webb walichambua gemu bila kuzionea haya. Kijana aliyependa gemu, katuni na kompyuta hatimaye alikuwa na watu wa rika lake kwenye skrini.

Sasa, gemu zilizidi kupendwa mwaka hadi mwaka. Iweje chaneli yake ife?

Tufuate pesa. Mtazamaji wa kebo hailipi chaneli, hulipia kifurushi. Kampuni ya kebo au setilaiti ndiyo huipa chaneli senti kadhaa kwa kila nyumba yenye kifurushi hicho, iwe nyumba hiyo inaitazama au haiitazami. Kwa hiyo chaneli inaweza kupendwa sana na wachache, lakini uhai wake uko mikononi mwa msambazaji. Novemba 1, 2010, DirecTV ya setilaiti iliiondoa G4, na mamilioni ya nyumba yakapotea kwa siku moja.

Matangazo ya biashara nayo yanataka macho mengi. G4 ikajaza ratiba kwa marudio ya Cops, kipindi cha polisi wakikamata watu. Hapo ndipo ilipokosea zaidi, kwa maoni yangu. Aliyekuja kwa ajili ya gemu akikuta pingu, harudi kesho.

Na alikuwa na pa kwenda. YouTube ilianza 2005, na Twitch, mtandao wa kutazama watu wakicheza gemu moja kwa moja, 2011. Huko huhitaji kusubiri saa ya kipindi: unamwona mchezaji akicheza sasa hivi, unamwandikia, anakujibu. Agosti 2014 Amazon ilitangaza kuinunua Twitch kwa takriban dola milioni 970. Desemba 31 mwaka huohuo, G4 ikazimwa.

Ilifufuliwa Novemba 2021, safari hii ikiwa kwenye kebo na pia kwenye Twitch na YouTube. Lakini huko ilikuta wachezaji maelfu waliohitaji kamera na chumba tu, ilhali yenyewe ilibeba studio, watangazaji na mafundi wa kulipwa mishahara. Watazamaji hawakutosha, na Oktoba 2022 Comcast ikatangaza kuifunga tena.