Ardhi Imeshuka Kuliko Wapi? Kuchagua Nukta ya Marejeo Katika Vipimo vya Rada

Mtu akinitumia ramani ya rangi inayoonyesha ardhi ya Arusha inapanda huku na kushuka kule, swali langu la kwanza huwa moja: sifuri yako umeiweka wapi?

Rada ya Sentinel-1 hutumia mawimbi yenye urefu wa takribani sentimita 5.6, na setilaiti hiyo hurudia njia yake kila baada ya siku 12. Tunachukua picha mbili za tarehe tofauti na kulinganisha fezi ya mawimbi yaliyorudi, yaani mahali wimbi lilipofikia katika mzunguko wake. Kwa kuwa wimbi huenda na kurudi, mzunguko mmoja kamili wa fezi ni sawa na ardhi kusogea sentimita 2.8 kuelekea setilaiti au kwenda mbali nayo. Tatizo ni kwamba fezi haiji na sifuri yake. Hatujui ni mawimbi mangapi kamili yaliyopo kati ya setilaiti na paa la nyumba fulani. Tunachojua ni tofauti kati ya nukta moja na nyingine. Ndiyo maana mchambuzi analazimika kuchagua mahali na kutamka kwamba hapa hapakusogea; hapo ndipo nukta ya marejeo. Fundi anayesawazisha msingi kwa mpira wa maji analijua jambo hili vizuri: kigingi cha kwanza kikizama, vipimo vyote vinavyofuata vinakosea pamoja nacho.

Chukua mfano wa hesabu. Nukta ya marejeo inashuka milimita 5 kwa mwaka, nawe umeiandikia sifuri. Kila mahali palipotulia patatokea pakipanda milimita 5 kwa mwaka, na mahali panaposhuka kweli kwa kasi hiyohiyo pataonekana pametulia tuli. Tofauti kati ya mitaa ya Njiro na Sakina haitabadilika hata kidogo, na hilo ndilo la kushikilia ukisoma ramani ya mtu mwingine. Kilichopotoka ni maana ya rangi, na rangi ndiyo inayosomwa na mwenye nyumba, diwani na mwandishi wa habari.

Wengi huchagua nukta yenye koherensi kubwa kuliko zote, yaani ile ambayo mwangwi wake haubadiliki ovyo kutoka picha hadi picha, kisha wanaendelea na kazi. Kigezo hicho ni cha lazima ila hakitoshi. Jengo la zege hurudisha mwangwi safi hata kama limejengwa juu ya kifusi kinachoendelea kushindiliwa na uzito wake. Mwamba wa volkano uliochomoza juu ya ardhi kavu ni bora zaidi, na mkoani kwetu hiyo miamba ipo. Udongo mweusi wa mbuga nauepuka kabisa: hunywa maji wakati wa masika ukavimba, kiangazi ukasinyaa na kupasuka nyufa. Ukiufanya marejeo, pumzi yake ya msimu itahamia kwenye kila nukta ya ramani. Miteremko ya Meru yenye kahawa na migomba nayo haifai kwa rada hii, kwa sababu majani hubadilika kila wakati na koherensi hupotea.

Suala linalonisumbua zaidi ni hewa, na pa kulionea ni kwenye volkano ya Oldoinyo Lengai. Kilele chake kina mita 2,962, na Ziwa Natron lililo kaskazini yake liko kwenye takribani mita 600. Mtu anaweza kuvutiwa kuweka marejeo chini huko, mbali na volkano, akidhani umbali peke yake ni usalama. Lakini mvuke wa maji huchelewesha mawimbi ya rada, na sehemu kubwa ya mvuke huo imo katika tabaka la chini la hewa. Wimbi linalofika ziwani linapita katika mita zaidi ya 2,300 za hewa ambazo lile la kileleni halizigusi. Mvuke ukiongezeka masika na kupungua kiangazi, kilele kitaonekana kikivimba na kunywea kwa kulinganishwa na ziwa, hata kama magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya mlima, haijasogea. Na ufuo wenyewe ni matope ya magadi yanayofunikwa na maji na kufunuliwa tena. Mimi hutafuta mwamba mkavu ubavuni, nje ya eneo ninaloshuku linasogea, wenye kimo kinachokaribia kile cha sehemu ninayoichunguza. Marekebisho ya hewa kwa modeli za hali ya hewa husaidia, ila hayaondoi kila kitu.

Hata “nje ya eneo linalosogea” ni neno la kuthibitisha. Julai 2007 magma ilijipenyeza ardhini kama ukuta karibu na mlima Gelai, jirani wa Lengai, ikaja na mfululizo wa matetemeko. Kubwa lao, la tarehe 17, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Lengai yenyewe ililipuka kwa nguvu kuanzia Septemba. Mtu aliyekuwa akiichunguza Lengai huku marejeo yake yako kwenye miteremko ya Gelai angeona mwendo wa ajabu mlimani kwake, kumbe kilichosogea ni sifuri.

Kwa hiyo huwa sitegemei pikseli moja. Nachukua wastani wa eneo dogo, kwa sababu pikseli moja ikichafuka siku moja, mji mzima utaruka siku hiyohiyo kwenye grafu. Mruko wa namna hiyo, wa kila nukta kwa pamoja, ni ishara nzuri ya kwamba ugonjwa uko kwenye marejeo. Kisha nachagua maeneo kadhaa yanayofaa na kuyapima yenyewe kwa yenyewe. Linalokwenda kinyume na wenzake naliacha. Yote lazima yawe ndani ya kipande kimoja kilichounganika cha fezi iliyofunuliwa, yaani ambayo mizunguko yake imeshahesabiwa kutoka nukta hadi nukta; kipande kilichotengwa na msitu au maji kinaweza kuwa kimekosewa kwa mzunguko mzima, sentimita 2.8 nzima.

Palipo na kituo cha GNSS, yaani kifaa cha kudumu kinachopima mahali kilipo kwa setilaiti kama za GPS, mambo hubadilika. Unaweka marejeo hapo, unaigeuza kasi ya kituo iendane na mwelekeo ambao rada inatazama, kisha unaiongeza kwenye ramani yote. Bila hivyo kumbuka kuwa hata mwamba bora wa Arusha haujatulia duniani: bara letu zima linaelekea kaskazini mashariki kwa takribani sentimita 2.5 kwa mwaka. Kwa kazi za mji mmoja hilo halidhuru, kwa kuwa marejeo na nyumba husafiri pamoja.

Ukiagiza ramani ya namna hii kwa ajili ya kiwanja, bwawa au barabara, dai iandikwe mahali marejeo yalipo, ukubwa wa eneo lake, kimo chake, aina ya ardhi iliyopo na tarehe ya picha ya kwanza. Dai pia ramani ya pili yenye marejeo mengine, uziweke zote mbili mezani kabla ya kumwita mhandisi.