Anjali Menon: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitaja filamu ya India, wengi wetu akili inakimbilia Mumbai. Anjali Menon, mwongozaji na mwandishi wa filamu, si wa huko. Kwao ni Kozhikode, katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, bandari ileile ambayo Vasco da Gama aliifikia mwaka 1498 akitokea Malindi. Filamu zilizompa jina ni za Kimalayalam, lugha isiyo ya ukoo mmoja na Kihindi, na Kerala ina waigizaji wake, watayarishaji wake na watazamaji wake wasiosubiri Bollywood iwaamulie.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba mama huyu alizuka tu mwaka 2014 na Bangalore Days, filamu iliyojaza kumbi na kuwakutanisha waigizaji Dulquer Salmaan, Nivin Pauly, Fahadh Faasil, Nazriya Nazim na Parvathy. Hakuzuka. Alisomea kazi hii London Film School, kisha akatengeneza Manjadikuru, kisa cha mtoto anayerudi kijijini kwa msiba wa babu yake na kuanza kuwaona wakubwa walivyo hasa. Ilionyeshwa mwaka 2008 kwenye tamasha la kimataifa la filamu la Kerala na ikatunukiwa. Kuingia kwenye kumbi za kawaida? Hadi 2012! Miaka minne filamu iliyokwisha kusifiwa inangoja mlango ufunguliwe. Katikati hapo hakukaa bure: aliongoza kipande kimoja kati ya kumi vinavyounda Kerala Cafe ya mwaka 2009, halafu akaandika Ustad Hotel, iliyoongozwa na Anwar Rasheed na kutoka mwaka huohuo wa 2012. Uandishi huo ulimpa Tuzo ya Taifa ya mazungumzo bora. Kwa hiyo Bangalore Days ilipovuma, nyuma yake kulikuwa na kazi ya miaka mingi ambayo watazamaji wengi hawakuwahi kuiona.

Ustad Hotel inajibu pia dhana nyingine, kwamba mwanamke hutunga habari za wanawake tu. Moyo wa filamu ile ni babu na mjukuu wake wa kiume, jiko la hoteli ya ufukweni na biriani. Koode ya mwaka 2018, aliyoitohoa kutoka filamu ya Kimarathi, inamfuata mwanamume aliyepelekwa Ghuba kufanya kazi akiwa bado mdogo. Huzuni ya mtu huyo ataielewa yeyote ambaye nyumba yao inalishwa na fedha za Ghuba. Wanawake wajawazito aliwapa filamu nzima baadaye, katika Wonder Women ya mwaka 2022, ambayo ni ya Kiingereza.

Wapo wanaomwita mwongozaji mwanamke wa kwanza wa Kimalayalam. Hapana. Vijaya Nirmala aliongoza Kavitha mwaka 1973, na mwigizaji Sheela akafuata na Yakshaganam mwaka 1976. Kilichochelewa ni heshima: tuzo ya jimbo ya mwongozaji bora ilikwenda kwa mwanamke mara ya kwanza kwa filamu za mwaka 2016, akaipata Vidhu Vincent kwa Manhole.

Basi mafanikio ya Anjali yasichukuliwe kuwa ushahidi kwamba wanawake wote sasa wana njia nyeupe. Mwenyewe hafikirii hivyo. Mwaka 2017, baada ya mwigizaji mmoja kutekwa na kudhalilishwa ndani ya gari, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Women in Cinema Collective, umoja wa wanawake wa tasnia hiyo. Serikali ya Kerala iliunda kamati chini ya Jaji K. Hema kuchunguza hali zao kazini. Ripoti ilikabidhiwa Desemba 2019, na wananchi walikuja kuisoma Agosti 2024, tena ikiwa imeondolewa baadhi ya sehemu.