Linashika ukipiga stata, linazima ukiachia ufunguo

"Shikamoo fundi," dereva alinisalimu, akanimwagia mezani vifaa vya zamani kutoka kwenye kiroba: koili (inayokuza umeme wa betri hadi utoe cheche), plagi nne, platini (vidomo vinavyogusana na kuachana ili kuunga na kukata umeme wa koili) na kondensa inayofanya kazi pamoja nazo. Vyote vilikuwa vimebadilishwa, na gari halijapona. Ni pikapu ya petroli ya miaka ya 70, silinda nne, inayobeba dagaa wa mama mmoja kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Iliingia gerejini kwetu Nyakato ikivutwa kwa kamba.

Sikugusa spana. Nilimwomba awashe, nisikilize. Alipopiga stata injini ilishika, tena kwa nguvu. Alipoachia ufunguo ilizima hapo hapo. Tulirudia mara tatu, ikawa vile vile.

Mama wa watu ametoa hela ya vifaa vinne, na dalili yenyewe inasema koili ni nzima. Koili iliyokufa haitoi moto, yaani cheche, wakati wowote, na hii ilikuwa inatoa moto muda wote stata inapozunguka. Kwa hiyo swali langu likawa moja: ufunguo ukirudi kutoka kwenye stata, umeme unapita njia gani kufika kwenye koili?

Kwenye magari mengi ya platini kuna njia mbili. Stata inakula umeme mwingi, na betri ya volti 12 inaweza kushuka hadi 10 au chini ya hapo. Ili cheche isidhoofike, koili imetengenezwa ifanye kazi kwa volti pungufu, na wakati wa stata inapewa umeme wa betri moja kwa moja. Ukiachia ufunguo, umeme unahamia njia ya pili, inayopitia rezista: kile kipande cha kauri nyeupe kilichofungwa karibu na koili, ambacho watu wengi hawajui kazi yake. Ndicho kinachopunguza umeme ili koili isichemke na platini zisiungue. Waya wa ndani ukikatika, njia ya stata inabaki nzima na njia ya kutembelea inakufa.

Niliweka ufunguo kwenye "on", nikashika mita. Upande wa rezista unaotoka kwenye swichi: volti 12, maana yake swichi ni nzima. Upande unaokwenda kwenye koili: sifuri.

Hapa kuna mtego mmoja. Rezista ikiwa nzima na platini zimeachana, utasoma volti 12 pande zote mbili, kwa sababu hakuna umeme unaotembea. Ili uone kazi yake, zungusha injini kwa mkono mpaka platini zigusane, ndipo upande wa koili ushuke hadi volti 6 au 9 hivi. Nimeona mafundi wakiitupa rezista nzima kwa kutolijua hilo.

Dereva aliuliza kama tunaweza kuunga waya tu, kuiruka rezista. Ukikwama njiani Sengerema usiku, unga ufike nyumbani. Lakini usiuache. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini zinafunguka mara 100 kila sekunde, na kila mara umeme uliozidi unazila. Tulifunga rezista nyingine, nikapima mwanya wa platini kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia (kwa injini nyingi za Toyota za wakati ule ni milimita 0.45), tukarekebisha taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, gari likaondoka.

Siku mbili baadaye simu ikaita alfajiri. Gari linashika, ila linamisi, yaani baadhi ya silinda haziwaki, hadi linatetemeka, na jua likipanda linatulia. Niliposikia "jua likipanda" nikawaza unyevu. Pale mwaloni gari linalala karibu na maji, na ndoo za kuoshea samaki zinamwagwa popote. Volti zinazotoka kwenye koili zinafika 20,000 hivi, na umeme wa nguvu hiyo ukipata njia rahisi kuliko mwanya wa plagi hausubiri.

Nilimwambia aje kesho yake kabla hakujapambazuka. Tulifungua boneti gizani, injini ikinguruma, taa zote zimezimwa. Nyuzi za cheche za buluu zilikuwa zinacheza juu ya kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa umeme wa koili kwa plagi, kati ya waya wa plagi ya 3 na wa 4. Mchana usingeziona. Nilipokifungua, ndani kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama uliochorwa kwa penseli. Hiyo ni kaboni, na inapitisha umeme. Kuikausha kwa kitambaa kunasaidia asubuhi moja tu, na ukiipiga msasa unaacha mikwaruzo inayoshika unyevu zaidi. Kifuniko kikifika hapo kinabadilishwa, na rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake, ikaguliwe pamoja nacho.

Kipya tulikipata mjini siku hiyo hiyo. Kabla ya kukifunga nilikagua kama mpira wa chini yake umekaa sawasawa, maana kile cha zamani kilikuwa hakina mpira kabisa, na maji yalikuwa yanaingilia hapo.