Kigeu kipo hapo juu, mbona EXEC haikioni?

Umeandika DECLARE @idadi int mstari wa kwanza, yani umetangaza kigeu, jina la kushikia thamani, mistari miwili mbele unakitumia ndani ya EXEC (amri ya kuendesha SQL), SQL Server, ile programu ya hifadhidata, inakujibu Msg 137, Must declare the scalar variable "@idadi", na wewe unakiona kabisa kipo hapo juu. Siyo macho yako. Hiyo ndo mipaka ya kigeu kwenye SQL dainamiki, yani ile SQL unayoiunga kwanza kama maandishi tu halafu ndo unaiendesha.

Iko hivi, maandishi unayoyapa EXEC yanaendeshwa kama bechi yake yenyewe (fungu la amri zinazoendeshwa pamoja), na kigeu cha @ hakivuki bechi. Ni kama umemtuma mtoto dukani na kikaratasi umeandika "niletee kile ninachokiwaza", Mangi atakisoma atakirudisha, ya kichwani mwako yeye hayajui. Wengi hapo wanaunganisha thamani kwenye maandishi kwa alama ya kujumlisha, inakubali, ila kama thamani imetoka kwa mtumiaji umemfungulia mwizi mlango wa kuingiza SQL yake, na kama kigeu ni NULL (hakina thamani) sentensi nzima inageuka NULL, hakiendeshwi kitu na wala hakuna kosa linalotokea.

Dawa ni sp_executesql, inayoendesha maandishi huku ukiipa na thamani za vigeu pembeni, hii unampa mtoto kikaratasi na hela mkononi:

DECLARE @mkoa nvarchar(50) = N'Tanga', @idadi int;
EXEC sp_executesql
N'SELECT @i = COUNT(*) FROM Wateja WHERE Mkoa = @m',
N'@m nvarchar(50), @i int OUTPUT',
@m = @mkoa, @i = @idadi OUTPUT;

Nimeweka @m na @i makusudi ili uone ni vigeu vingine kabisa, ungeweza kuviita jina lile lile na bado visingekuwa vile vya nje. Halafu angalia OUTPUT, inayorudisha thamani nje, imeandikwa mara mbili. Ukiisahau ile ya mwisho hupati kosa lolote, @idadi inabaki NULL na wewe unakaa nusu saa unalaumu data (mimi imenipata zaidi ya mara moja). Na ile N mbele ya maandishi usiiache, sp_executesql inataka nvarchar (aina ya maandishi ya Unicode). Jina la tebo lenyewe halipitishwi kama parameta, hilo utaliunga tu kwenye maandishi, ila lipitishe QUOTENAME kwanza, inalifunga kwa mabano ya mraba lisomeke kama jina tu.

Sasa kinachowachanganya watu zaidi ni tebo za muda, zile za #, maana zenyewe zinavuka ila upande mmoja tu. #hesabu uliyoitengeneza nje, SQL ya ndani inaiona na inaiandikia vizuri, kwahiyo itengeneze nje kabla, ndani ufanye INSERT tu. Ukiitengenezea ndani, EXEC ikimaliza nayo inafutwa, ukija kuisoma mstari unaofuata unaambiwa Invalid object name '#hesabu', wakati sasa hivi tu ilikuwa imejaa data.