Mwaloni wa Hati: mti ulioficha madaraka ya koloni

Chukua sarafu ya senti 25 ya Marekani, ile ya jimbo la Connecticut iliyotoka mwaka 1999, uigeuze nyuma. Utaona mti mmoja usio na jani hata moja, matawi yametanda karibu sarafu nzima. Jina lake limeandikwa pembeni: The Charter Oak. Kwa Kiswahili tuuite Mwaloni wa Hati. Wengi wetu mwaloni tumeusoma tu, katika habari za Ibrahimu na mialoni ya Mamre, bila kuwahi kukaa chini ya kivuli chake.

Hati yenyewe ilitoka kwa Mfalme Charles II wa Uingereza mwaka 1662. Gavana wa walowezi wa Connecticut, wakati huo koloni la Uingereza, John Winthrop mdogo, alisafiri hadi London kuifuatilia, na akarudi na kitu ambacho makoloni mengi hayakukipata. Walowezi waliruhusiwa kujichagulia gavana, naibu wake na wasaidizi 12, na kila mji upeleke wajumbe wasiozidi wawili kwenye baraza la kutunga sheria. Sharti kubwa lilikuwa kwamba sheria zao zisipingane na za Uingereza. Kwa hiyo mfalme alibaki mwenye nchi, ila shughuli za kila siku waliziendesha wao. Kenya ina neno lake kwa hali hiyo: madaraka. Yalipatikana 1 Juni 1963, na uhuru ukafuata 12 Desemba mwaka huohuo. Connecticut ilikaa kwenye hali hiyo ya katikati zaidi ya miaka 100.

Kisa chenyewe kinaanza na Mfalme James II, ambaye hakupenda makoloni yenye sauti. Aliyaunganisha ya kaskazini chini ya gavana mmoja wa kuteuliwa, Sir Edmund Andros, na tarehe 31 Oktoba 1687 Andros akafika Hartford, makao ya serikali ya Connecticut, na askari wake kuidai hati. Masimulizi yanasema kikao kilifanyika kwenye nyumba ya wageni, maneno yakavutwa mpaka giza likaingia, hati ikiwa mezani. Ghafla mishumaa ikazimika. Ilipowashwa tena, meza ilikuwa tupu. Kapteni Joseph Wadsworth alikuwa ameshapotea nayo, akaenda kuitumbukiza kwenye uwazi wa shina la mwaloni mkubwa katika kiwanja cha familia ya Wyllys.

Ni hadithi tamu, na kama hadithi nyingi tamu, imeongezwa chumvi njiani. Kumbukumbu za baraza za siku zile hazitaji mshumaa wala mti. Zinasema tu kwamba Andros ameshika serikali ya koloni, kisha karani akafunga kwa neno moja la Kilatini: Finis, yaani mwisho. Lakini mwaka 1715 baraza hilohilo lilimlipa Wadsworth shilingi 20 kwa kuihifadhi nakala ya hati katika kipindi cha misukosuko. Hakuna serikali inayotoa fedha yake kwa hadithi tupu. Jambo fulani alilifanya, hata kama hatujui ilikuwa usiku upi.

Wanaousifu mti huwa wanairuka sehemu hii. Mwaloni haukumzuia Andros. Alitawala Connecticut hati ikiwa mafichoni. Jiulize basi, kuificha kulisaidia nini? Fikiria mtu aliyevamia kiwanja chako akajenga, nawe hati ya kiwanja umeifungia sandukuni. Anakaa, anapika, anafua, lakini hujamkabidhi. Aprili 1689, habari zilipofika kwamba James amepinduliwa, watu wa Boston walimkamata Andros wakamtia ndani. Connecticut ikaitoa hati yake, ikamrudisha gavana wake Robert Treat, ikaendelea pale ilipoachia. Wanasheria wa London nao walitoa maoni kwamba kwa kuwa hati haikuwahi kurejeshwa rasmi, nguvu yake bado ipo. Ilitumika hadi 1818, miaka mingi baada ya Marekani yenyewe kujitangazia uhuru.

Neno kujitawala linataka swali la pili: nani anajitawala? Inasimuliwa kwamba walowezi walipokuwa wakifyeka eneo hilo, wenyeji waliwaomba wauache mwaloni ule, kwa kuwa ndio uliowaambia msimu. Majani yake yakifika ukubwa wa sikio la panya, ndipo mahindi hupandwa. Mti uliachwa. Wenyeji hawakupata nafasi barazani, na huko Connecticut utumwa uliendelea hadi ukafutwa kabisa mwaka 1848. Walowezi wa Kenya nao walidai kujitawala miaka ya 1920, London ikawakatalia mwaka 1923. Ni neno lilelile, na madaraka ya 1963 yalikuwa kinyume kabisa cha waliyoyadai wao.

Mwaloni uliangushwa na dhoruba usiku wa 21 Agosti 1856. Mjini Hartford kengele zililia na bendi ikapiga nyimbo za maziko, kama amefariki mzee wa mji. Kisha watu wakaugombania. Ilichongwa viti, fremu, bakora, vikasha, na vitu vingi vyenye kudai asili hiyo kiasi kwamba mwandishi mmoja mcheshi aliyehamia mji huo alitania kuwa mbao zake zingetosha kutandika barabara kutoka Hartford hadi Salt Lake City, mbali huko magharibi mwa Marekani. Kiti kimoja kingali kinakaliwa kwenye Seneti ya jimbo. Na hati ya 1662 yenyewe imewekwa kwenye jumba la makumbusho hapohapo Hartford, ukutani, ndani ya fremu iliyochongwa kutokana na mti ule.