Miligramu za Kwenye Kopo na Zile Zinazofika Kwenye Damu

Wanunuzi wengi wa vitamini hutazama namba: kidonge cha miligramu 1,000 lazima kiwe bora kuliko cha 100. Sisi wafamasia hutazama kwanza vitamini yenyewe ni ya aina gani, imetengenezwaje na italiwa na nini.

Chukua vitamini B12. Tumbo hutoa protini maalumu inayoisindikiza hadi mwisho wa utumbo mwembamba, na njia hiyo hujaa upesi, kwa kuwa kila dozi hupitisha takriban mikrogramu 2 tu. Inayobaki hupenya yenyewe, tena kwa kiasi cha asilimia 1 hivi. Kwa hiyo kidonge cha mikrogramu 1,000 huingiza mwilini kama 10. Ni kidogo, lakini kwa mtu ambaye tumbo lake halitoi protini ile, hizo 10 humtosha. Hapo dozi kubwa ina maana. Vidonge vya kuweka chini ya ulimi? Havijaonekana kuvishinda vya kumeza.

Vitamini C nayo hufyonzwa vizuri ikiwa kidogo. Ukivuka gramu 1 kwa siku, chini ya nusu ndiyo huingia.

A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta. Zinahitaji nyongo, na nyongo humwagika kwa wingi chakula chenye mafuta kinapofika utumboni. Kuzimeza asubuhi tumbo likiwa tupu ni kuzipunguzia nafasi.

Madini ya chuma, ambayo mara nyingi huchanganywa na vitamini, ndiyo yanayotusumbua zaidi. Baadhi ya vidonge hupakwa utando usioyeyuka tumboni ili kupunguza kichefuchefu. Nia ni njema, ila chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na utando ukichelewa kuyeyuka, dawa huwa imeshapita hapo. Kwa mwenye upungufu wa damu, mimi ningechagua kidonge cha kawaida, kwa dozi ndogo kama kinamchafua tumbo. Chai na kahawa zisubiri kwanza, maana huzuia chuma kufyonzwa.

Kalsiamu kaboneti huhitaji asidi ya tumbo, basi imezwe pamoja na chakula, isizidi miligramu 500 kwa mara moja. Kalsiamu sitreti haina sharti hilo la chakula. Anayetumia levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi ya shingo, aache saa 4 kati yake na kidonge chochote chenye kalsiamu au chuma, multivitamini zikiwemo.