Antioksidanti: peasi husafisha sumu gani?

Juma lililopita, kwenye genge la matunda, nilimsikia muuzaji akimweleza mama mmoja kwamba mapeasi mekundu ni bora kuliko ya kijani kwa sababu yana antioksidanti nyingi, "yaani yanasafisha sumu mwilini". Mama akauliza: sumu gani? Muuzaji hakuwa na jibu. Tafsiri hiyo, ya kuziita antioksidanti "viondoa sumu", nimeisikia redioni, nimeisoma kwenye vifungashio vya juisi, na sasa imefika gengeni, kwa hiyo swali la mama yule linastahili kujibiwa.

Antioksidanti ni kemikali inayozuia au kuchelewesha uoksidishaji, yaani tendo la molekuli kunyang'anywa elektroni, mara nyingi na oksijeni au na radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo mwili wenyewe huzizalisha unapogeuza chakula kuwa nguvu. Antioksidanti hutangulia kutoa elektroni yake ili mafuta na protini za seli zisalimike.

Katika neno lenyewe hakuna sumu. "Anti" ni "dhidi ya" kwa Kigiriki, na "oksi" imetokana na oksijeni, jina ambalo mkemia Mfaransa Antoine Lavoisier alilibuni katika miaka ya 1770 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya ukali kama wa siki na jingine lenye maana ya kuzaa, kwa kuwa aliamini kwamba gesi hiyo ndiyo inayozaa kila asidi. Alikosea, maana asidi ya hidrokloriki haina oksijeni kabisa, lakini jina likabaki. Neno antioksidanti nalo lilitumika viwandani kabla ya kufika jikoni: kiliitwa hivyo kile kinachotiwa kwenye mpira usipasuke mapema na kwenye mafuta yasichache. Chupa ya mafuta ya alizeti iliyokaa wazi hadi ikatoa harufu mbaya imeoksidishwa, na hakuna mtu aliyeitia sumu.

Peasi linaonyesha jambo hili vizuri kuliko kitabu. Ukilikata na kuliacha sahanini, nyama yake hugeuka kahawia, kwa sababu kisu kimepasua seli na kukikutanisha kimeng'enya cha tunda, yaani protini inayoharakisha tendo la kemikali, na fenoli zake, hasa asidi ya klorojeniki, mbele ya oksijeni ya hewani. Fenoli hizo ndizo antioksidanti zinazosifiwa. Ukilikamulia ndimu, weupe hudumu zaidi: ukali wa ndimu hupunguza kasi ya kimeng'enya, na vitamini C yake huzirudishia fenoli elektroni zilizopotea, huku yenyewe ikitumika na kwisha. Kilichotokea pale sahanini ni kutoa na kupokea elektroni. Hakuna kilichosafishwa.

Kuhusu aina za mapeasi, muuzaji alikuwa na sehemu ya ukweli. Wekundu wa Red Anjou au Red Bartlett ni anthosianini, ambazo ni antioksidanti, lakini zimo kwenye ganda. Arbutini, fenoli inayolitambulisha peasi, nayo hujaa zaidi gandani kuliko kwenye nyama, iwe ni peasi la Ulaya lenye shingo au lile la mviringo la Asia ya Mashariki. Anayenunua peasi jekundu kisha akalimenya ameutupa wekundu alioulipia. Tena tuwe waangalifu na makala za kutafsiriwa zinazoliita tunda hili "pera". Kwa Wareno pera ni peasi, ila sisi tulilichukua neno lao tukalipa tunda jingine, na tofauti si ndogo: gramu 100 za pera letu zina takribani miligramu 228 za vitamini C, ilhali za peasi zina kama 4 tu.

Aidha, nguvu ya antioksidanti inayopimwa maabara si nguvu ya tunda likishaliwa. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa orodha yake ya vipimo hivyo vya vyakula, kwa kuwa havikuwa ushahidi wa kinachotokea mwilini. Huko Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 1994 uliwahusisha wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, na waliopewa vidonge vya beta-karotini, ambayo nayo ni antioksidanti, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa. Kazi ya kushughulikia sumu mwilini ni ya ini na figo, na mgonjwa anayeaminishwa kwamba tunda linaweza kuifanya badala yake anaweza kuchelewa kufika hospitali. Hilo ndilo linaloniumiza.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa gengeni, sema "kizuia uoksidishaji", au sema antioksidanti bila kuifasiri. Na mama akiuliza tena faida ya peasi, mwambie kwamba moja la wastani lina gramu kama 5 za nyuzinyuzi, ambazo pamoja na sukari yake iitwayo sorbitoli husaidia choo kuwa laini, kisha umshauri alioshe vizuri na alile na ganda lake.